Jina Nililoliona Bila Kulisoma

Wangechi, wajina wangu,

Kwani ulikuwa umeolewa na hiyo kazi ya mashamba ya maua ya Timau? Mvua ndefu zimekuja zikaisha, zikaja tena, ng'ombe amezaa na ndama wake ameuzwa, mzee wa kanisa aliyekushika siku ya ubatizo amezikwa, na wewe hujakanyaga hapa. Timau si Ulaya. Ni mahali mtu anafika chai ya asubuhi ikiwa bado moto tumboni. Halafu leo saa kumi jioni unatokea umenyoa kichwa, umeshika sanduku la bati, unabisha hodi kama mtu anayeuza sufuria. Hodi! Kwangu mimi nyanya yako! Kwenye mlango ambao ulijifunzia kusimama ukiushikilia! Na badala ya kusema, "Cucu, nimekukosea kukaa hivyo," unaniambia, "Cucu, kesho naripoti chuo cha polisi. Nimepita tu."

Nimepita tu. Hata mtu wa kusoma mita ya maji hukaa kidogo.

Najua nilikujibu vibaya. Nilisema hakuna maziwa. Maziwa yalikuwepo, uliyaona kwenye sufuria, na mimi niliona umeyaona. Ukanywa maji, ukala viazi baridi vya mchana, ukasema "asante cucu" kwa sauti ya kumshukuru mtu usiyemjua, ukaenda kulala. Mimi nimevuka ua wa michongoma nikaja jikoni kwa Mama Zuhura. Yeye ndiye anaandika. Kusoma ninasoma kidogo, lakini kuandika kwangu ni kama kuku amepita kwenye matope. Amesema atanyoosha Kiswahili changu. Nimemwambia anyooshe maneno, asininyooshe mimi. Amecheka. Ameuliza kama aandike kwamba amecheka. Andika.

Mambo ya sweta na mafuta ya kujipaka na kuamka mapema watakufundisha huko kwa kelele. Mimi nataka kukuambia kwa nini nilikunyima chai.

Uliza mtu yeyote hapa Naro Moru. Hakuna aliyewahi kutoka kwangu bila kunywa kitu. Anayekuja kudai hunywa. Anayekuja kugombana hunywa. Yule jirani aliyeniibia jembe alikunywa vikombe viwili kwanza, ndipo tukaanza kutukanana. Nililelewa hivyo, na mama yangu alilelewa hivyo: mtu akifika mbele yako, humuulizi ni mwema au mbaya, unamimina. Mtu wa kwanza kunyimwa katika maisha yangu ni wewe, na wewe ndiye uliyebeba jina langu. Basi lazima kuna sababu, na sababu yenyewe ni chai nyingine, ambayo sijawahi kukuambia. Mahakamani niliisema, lakini wewe ulikuwa shuleni, na nyumbani nilifunga mdomo.

Baba yako Muriuki unamkumbuka kidogo kidogo, najua. Unakumbuka mabega. Yalikuwa na alama za mikanda, kwa sababu ya kubeba mizigo ya wageni mlimani, mahema yao, chakula chao, siku nyingine hata meza na viti, ati wageni hawawezi kula wakiwa wamekaa kwenye jiwe. Ulizaliwa msichana wa kwanza, ukapewa jina langu kama ilivyo kwetu, na tangu siku hiyo akawa na mama wawili. Alikuita "mami". Akisema, "Mami, lete maji," tulisimama sote wawili. Alifanya hivyo makusudi, halafu anacheka.

Siku ile alishuka mlimani akaenda kukununulia viatu vya shule. Mji sitautaja, Mama Zuhura anasema karatasi hutembea, na wewe unaujua. Ilikuwa siku ya soko. Polisi walikuwa wanafukuza akina mama waliotandaza nyanya na vitunguu kando ya barabara, na mmoja wao akapiga teke gunia la mama fulani. Baba yako akasema, "Afande, huyo ni mama ya mtu." Hakusema kingine. Wakamchukua na viatu vyako vikiwa kwapani.

Rafiki yake Gachanja, ambaye walikuwa wanabeba naye mizigo, alinikuta nikikamua.

"Cucu, wamemchukua Muriuki."

"Amefanya nini?"

"Ameongea."

Nilikasirika. Si na polisi, na yeye. Nilifikiria viatu. Nikasema, "Basi wacha akae nao mpaka kesho, ajifunze kufunga mdomo." Na nikaendelea kukamua. Nilimkamua yule ng'ombe mpaka tone la mwisho, Wangechi. Hilo siwezi kulieleza vizuri. Wakati huo alikuwa bado hai.

Asubuhi nikapika chai, ya maziwa mengi, nikaweka tangawizi kwa sababu sakafu ya seli ni baridi. Nikafunga viazi vitamu kwa kitambaa. Nilifika kituoni ukungu bado umeketi chini, mlima hauonekani hata mguu. Kwenye lango kulikuwa na benchi na afisa amekaa peke yake. Kijana. Rika la baba yako. Alikuwa anatetemeka, kola ameinua, na mkono wa kulia ameuweka ndani ya koti kama mtu anayeficha kifaranga.

"Cucu, unatafuta nani?"

"Muriuki. Yule wa kubeba mizigo mlimani."

Akaangalia viatu vyake. "Bado amelala."

"Mwamshe. Mwambie mama yake yuko hapa na chai."

"Wacha alale, cucu. Walichelewa kulala."

Sasa wewe niambie, ningefanya nini? Chai iko hapa, moto. Mtoto wa mtu yuko hapa, anatetemeka. Nikafungua chupa, nikamimina kwenye kifuniko, nikampa. Alitoa ule mkono kutoka kwa koti kupokea, kwa sababu hata yeye alilelewa na mtu, hakutaka kupokea kwa mkono wa kushoto. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, ngozi imechubuka.

Nikamuuliza, "Na huo mkono?"

"Mlango, cucu."

"Ulikubana?"

"Eeh."

"Loweka kwa maji moto na chumvi. Usifunge kitambaa, utaoza. Chumvi nyingi, usionee huruma."

"Asante, cucu." Akanywa. Akasema, "Hii chai ni tamu. Maziwa ni ya kwenu?" Nikamwambia ndiyo, ya ng'ombe wetu. Nikamwongezea. Nilikuwa nimeinama kumimina na kifua chake kiko hapa, karibu na pua yangu, na hapo kifuani kuna kibati kidogo chenye maandishi. Jina lake. Niliona hata kwamba kibati kimekwaruzwa pembeni. Niliona kila kitu, na sikusoma kitu, kwa sababu baba yangu alisema shule ni ya wavulana na mbuzi wanahitaji mtu.

Nikakaa naye kwenye benchi. Tuliongea juu ya mvua. Akaingia ndani, akasema anaenda kumwamsha, na hakurudi. Aliyetoka ni mwingine, mnene, akaniambia kwamba mwanangu alianguka usiku, amepelekwa hospitali.

Alianguka. Mtu aliyepanda huu mlima na meza ya mzungu mgongoni, kwenye barafu, hakuwahi kuanguka. Ati ameanguka kwenye sakafu ya simiti, mahali hata pa kuteremkia hakuna.

Hospitali walinipeleka mochari moja kwa moja. Daktari aliyempasua alisema mbavu zilivunjwa, tena si na sakafu. Huyo daktari sitamsahau, alisema akiniangalia machoni. Wakati nilipokuwa namimina chai, baba yako alikuwa ameshapoa. Alikuwa amelala kweli.

Viatu vilirudi. Walinipa kwenye mfuko pamoja na mshipi wake. Ulivivaa darasa la tatu lote mpaka vikakubana, na uliponiuliza nani amevinunua nilisema ni baba yako, kabla hajaenda. Hiyo haikuwa uongo. Lakini kila asubuhi nikikufunga kamba nilikuwa naangalia pembeni. Ningefanya nini, nikupeleke shule miguu mitupu kwa sababu ya moyo wangu?

Mama yako alirudi kwao Kagio baada ya mazishi, na mimi simlaumu, alikuwa mdogo na nyumba hii ilikuwa imejaa msiba. Ukabaki wewe na mimi, na kesi.

Kwanza nilienda ile ofisi ya Nyeri wanakopokea malalamiko juu ya polisi. Msichana wa hapo alikuwa na heshima, alinipa kiti, akaniita cucu.

"Jina la afisa, cucu?"

"Sijui."

"Namba yake?"

"Sijui."

"Lakini ulimwona?"

"Nilimpa chai."

Alicheka. Alifikiri ni mzaha wa wazee. Halafu akaniona uso, akaweka kalamu chini, akashika mkono wangu. Waliandika kila kitu. Walienda kituoni, wakaambiwa kwamba asubuhi ile hakukuwa na afisa langoni. Hata kwenye OB, kile kitabu chao cha matukio, ati hakukuwa na mtu. Kijana aliyelala seli moja na baba yako alisema alisikia wakiitana. Aliulizwa, waliitana nani? Akasema, Afande. Wote waliitana Afande. Baadaye huyo kijana naye alihamia mbali, na simu yake ikazima.

Basi ikabaki mimi na kile kibati. Niliweza kukiona, Wangechi. Nikifunga macho ninakiona. Herufi moja ilikuwa kama jembe limesimamishwa ukutani. Nyingine kama mtu amebeba mzigo mgongoni. Moja kama jicho. Nilichora kwenye udongo hapo nyuma ya boma kwa kijiti, nikamwonyesha mpelelezi. Akageuza kichwa huku, akageuza kule, akasema, "Cucu, hii inaweza kuwa majina mia." Nikasema, basi nitajifunza.

Ndiyo nikaenda gumbaru, ile shule ya watu wazima kule kanisani, na wazee wenzangu. Unakumbuka ulikuwa unanibebea kitabu ukinicheka? Wengine walitaka kusoma Biblia kabla hawajafa. Mwalimu akaniuliza, na wewe Mama Muriuki unataka kusoma nini? Nikamwambia, kifua cha mtu. Alidhani sijamsikia, akauliza tena.

Sasa sikia jambo ambalo hakuna mtu alinionya. Siku mwalimu aliponionyesha K, lile jembe lilitoka kichwani mwangu. Likaenda. Nikifunga macho naona K, na sijui tena kama ndiyo lile jembe au ni K tu ya ubaoni. Nikajifunza R, yule mtu mwenye mzigo akaondoka. Kila herufi iliyoingia ilitoa moja ya zile zangu. Nilipomaliza kujua zote, kibati kilikuwa kitupu. Mkwaruzo wa pembeni umebaki. Na ule mkono. Nilirudi nyumbani siku hiyo ukaniuliza, "Cucu, umesoma nini leo?" nikakufukuza ukalete kuni. Kuni zilikuwa tele.

Wakili mmoja mama, wa Nyeri mjini, alisema tusingoje wapelelezi, tuishtaki Serikali yenyewe kwa kifo cha baba yako. Tukashtaki. Hiyo kesi ilisongezwa, ikasongezwa, mpaka askari wa mlangoni pale mahakamani akawa ananiuliza habari ya ng'ombe. Na siku yangu ya kusimama ilipofika, wakili wa upande wao, kijana safi, kola nyeupe kama yai, akaniuliza:

"Mama, wakati huo ulijua kusoma?"

"Hapana."

"Kwa hivyo hukuona jina."

"Niliona. Sikusoma."

"Kuna tofauti gani?"

"Kijana, mimi naona Mlima Kenya kila asubuhi, na sijawahi kufika juu."

Watu walicheka, hata jaji aliinama. Nilijiona nimemweza. Lakini yeye hakucheka. Alingoja watu wanyamaze, akauliza polepole.

"Na huyo mtu unayesema alimpiga mwanao, ulimpa nini?"

"Chai."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana."

"Mkaongea?"

"Nilimwambia aloweke mkono kwa maji ya chumvi."

"Mama, hayo ndiyo maneno unayomwambia muuaji wa mtoto wako?"

Nilisimama hapo nimeshika mbao ya kizimba, na nikaona labda anasema ukweli. Labda hakuna mama anayefanya hivyo. Hilo swali nililirudisha nyumbani, na tangu siku hiyo tunalala nalo, linalala upande wa ukuta. Nikimimina chai, kwa mgeni yeyote, hata kwa Mama Zuhura hapa, ule mkono unakuja kupokea kwanza. Ndipo wa mtu unakuja nyuma yake. Mama Zuhura ameacha kuandika ananiangalia. Hakuwa anajua. Andika, mama, kesho si mbali.

Tulishinda. Hiyo unajua, ulikuwa umefika kidato cha tatu, nilikuletea mandazi. Jaji alisoma kwamba baba yako hakuanguka, kwamba aliuawa mikononi mwa polisi, na lawama ni ya Serikali. Alisoma kwa sauti na watu walisikia, na nilishukuru Mungu kwa hilo. Fidia ni hadithi nyingine, bado iko njiani inakuja na miguu. Wakili alinikumbatia pale nje.

Nikamuuliza, "Na jina?"

"Cucu, tumeshinda."

"Nimesikia. Nauliza jina."

"Kwenye hukumu ni afisa asiyejulikana."

Afisa asiyejulikana. Na mimi najua anavyopenda chai yake! Wangechi, nilishinda Serikali, lakini Serikali haina mkono uliovimba. Serikali haikukaa na mimi kwenye benchi ikaongea juu ya mvua. Na ile ofisi ya malalamiko bado wananipigia simu mara moja moja, wanasema faili halijafungwa. Hawana ubaya. Wanangoja jina, kama mimi.

Sasa fikiria. Niko hapa, mwenye kujua kusoma uzeeni, na mke wa katekista ananiambia sokoni, "Hongera, Wangechi wako amechukuliwa na polisi, tulimwona uwanjani akikimbia, mpaka meno walihesabu." Hukuniambia wewe. Niliambiwa kwenye kabichi.

Nilifanya nini? Nilifurahi. Nitakuambia yote. Nilifurahi furaha mbaya. Nilisema, Mungu amenitumia mtu wa ndani. Ataingia, atauliza wazee wao, atafungua vitabu vyao, atanitafutia yule mtu. Nilikaa na hiyo furaha wiki nzima nikiitunza kama moto. Halafu nikaota umekaa kwenye lile benchi, ukungu chini, umenyoa kichwa, na mkono umeuweka ndani ya koti. Nikakuuliza, "Na huo mkono?" Ukasema, "Mlango, cucu."

Kwa hivyo ulipotokea leo umenyoa kichwa kweli, niliona lile benchi. Maziwa yalikuwa kwenye sufuria na sikuweza. Nilijua nikimimina utanyoosha mkono kupokea, na niliogopa kuuangalia. Hiyo ndiyo sababu. Hukukosa kitu, mami. Ulikosa kuja, hiyo ndiyo, lakini si kwa hiyo nilikunyima chai.

Mama Zuhura ameniuliza sasa hivi, "Basi si umwambie akutafutie?" Nimefikiria mpaka kalamu yake ikakauka. Hapana. Usimtafute. Sikukulea uwe mguu wangu wa kuendea mahali nilishindwa kufika. Ukiingia mle ndani unamtafuta, utakuwa unaangalia kila mzee wa kazi mkono badala ya kuangalia kazi yako, na yeye atakuwa amenichukulia watoto wawili. Ile ofisi ina faili, iendelee nalo. Mimi niko na macho, niendelee nayo. Wewe niachie.

Lakini kuna kitu nakiogopa kuliko yeye. Wakati vijana waliandamana, nilikuwa Nyeri mjini, nilienda kwa wakili. Barabara imejaa moshi, nikaona polisi wamesimama, nikawakaribia. Mimi mzee, nimejifunza kusoma kwa ajili ya vifua, nikasema leo nitasoma. Nilipita mbele yao mmoja mmoja. Nyuso wamefunga kwa vitambaa. Na vifuani, Wangechi, hakuna kitu. Hakuna hata kibati kimoja. Kulikuwa na matundu ya pini tu.

Mmoja akanisukuma. "Cucu, toka njiani!"

"Unaitwa nani?"

"Nini?"

"Jina lako."

"Toka!"

"Mama yako alikuita Toka?"

Mwenzake alicheka ndani ya kitambaa, nikasikia ni msichana. Msichana kama wewe. Nilitoka njiani.

Kwa hivyo najua itakuja. Sijui mwaka gani, mji gani. Mkubwa wako atasema, leo kuna kazi, toeni majina. Wengine watatoa haraka, wakifanya mzaha, na wewe utakuwa umeweka kidole kwenye pini. Sitakuambia ufanye nini, sitakuwa hapo, na ugali unaokula utakuwa wao. Nakukumbusha tu ni la nani. Hilo jina si lako peke yako ulitoe ukitaka. Ulipewa likiwa bado linatumika. Ukilificha mfukoni, ni mimi umeniweka mfukoni, na humo mfukoni sijui mikono yako inafanya nini.

Na siku nyingine, hiyo ndiyo naiona zaidi, utakuwa kwenye lango la kituo fulani asubuhi, na mama atakuja na chupa ya chai. Watakuwepo akina mama wa chupa ya chai mpaka dunia iishe. Atakuuliza mtoto wake yuko wapi. Kama unajua, mwambie. Kama amekufa, mwambie amekufa, mkalishe kwenye benchi, aanguke hapo ukimshika. Na akikumiminia kabla hujasema, usinywe. Unasikia? Sema kwanza. Yule kijana, hata leo, ningeweza kumsamehe mengi kama hangekunywa ile chai.

Usidhani nimekukatalia. Nimekulea kwa mikono hii, nimekupiga, nimekubeba na homa mpaka Nanyuki, nimekaa njaa ukashiba na nikasema nimeshiba. Nani mwingine niko naye? Huko unakoenda kuna watoto wa watu wazuri pia. Daktari aliniangalia machoni, msichana wa ile ofisi aliweka kalamu chini. Huenda langoni pakakaa mtu wa namna hiyo siku moja, na akawa ni wa kwangu. Nalitaka hilo kuliko ninavyotaka lile jina. Sikujua kama nalitaka mpaka nimelisema hapa, na Mama Zuhura amesikia.

Hii karatasi nitaiweka ndani ya sanduku lako, katikati ya nguo, nikirudi. Asubuhi nitakukuta ukifunga na hatutaongea juu yake, mimi nawe tunajuana. Nitakupa maji ya kuoga. Chai sitakupa, hata kesho, usinune. Inakungoja.

Mara nyingine ukija, na usikae tena hivyo, usibishe hodi. Na usije na nguo za raia. Njoo na sare, na kibati kiwe mahali pake. Usinisalimie kwanza. Simama mlangoni penye mwanga, usitingishike, kwa sababu macho yangu ni ya uzee na herufi nilijifunza kwa shida. Nitaweka kidole hapo kifuani na nitasoma polepole, moja moja, kwa sauti, mpaka mwisho. Nikikuta ni langu, nitamimina.